Barua ya wazi kwa vijana wanaobishania kisu cha kuchinja

Wanangu na wajukuu zangu wa Geita na Mwanza, Waislamu kwa Wakristo,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Nimesikia ubishi wa nani achinje umerudi vijiweni, na wengi mnaoushabikia mlikuwa watoto wakati wa vurugu za Buseresere, hapa mkoani Geita. Februari 2013 ugomvi huohuo ulilipuka pale, watu wakajeruhiwa na mchungaji mmoja akauawa. Mtu aliuawa kwa sababu ya kitoweo! Asije mtu akawaambia kwamba haya ni maneno ya kupitisha muda tu.

Kubishana siwakatazi, ila someni kwanza. Kijana Mkristo anayejigamba kwamba dini yake haina mwiko wa chakula, afungue Matendo ya Mitume sura ya 15: mitume wenyewe waliwaagiza waumini wajiepushe na damu na nyama ya mnyama aliyenyongwa. Na jirani yake Msabato hagusi kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, wala kambare, maana Walawi 11 inataka samaki awe na mapezi na magamba, na kambare magamba hana. Huyo naye ni Mkristo.

Kijana Mwislamu anayetamka haramu kabla hajauliza, asome Al-Maida aya ya 5, inayohalalisha chakula cha waliopewa Kitabu, yaani Mayahudi na Wakristo, kisha amfuate sheikh wake amweleze wanazuoni wameifafanuaje. Hata katika kutaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kuchinja, Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, wanasema ni sunna, si lazima. Mahanafi, wafuasi wa Imamu Abu Hanifa, wanasema aliyeacha kwa makusudi, nyama yake hailiwi. Wametofautiana karne na karne na bado wanaswali safu moja.

Mimi ni Mkristo, na kwetu kukiwa na arusi tunamwita Mwislamu achinje. Ng'ombe analazwa ubavu, anaelekezwa kibla. Kisu kimeshanolewa kando, mnyama asikione. Mchinjaji anasema "Bismillahi, Allahu Akbar", anakata koo na mishipa kwa mkupuo mmoja, na hakuna anayeanza kuchuna mpaka damu imetoka na mnyama ametulia kabisa. Katika hayo yote sioni linaloichafua imani yangu. Pilau ikiiva tunakula wote, hakuna anayekaa pembeni na soda yake akisingizia ameshiba. Akichinja Mwislamu, mimi sipungukiwi kitu. Nikichinja mimi, jirani yangu anaweza kurudi kwake na njaa. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kama chakula kinamkwaza ndugu yake, yeye nyama ataiacha kabisa. Mimi wala sijaambiwa niiache. Nimeombwa nimpishe mwenzangu ashike kisu.

Nanyi Waislamu, hiyo ni hisani ya ujirani, msiigeuze ubwana. Mkristo anayechinja mbuzi wake nyumbani ale na wanawe hajamkosea mtu, na kumwita mla vibudu ni kumtukana.

Lipo jambo linalonikera kuliko yote. Kuna vijana wanaomlisha mwenzao kitimoto kwa hila, kisha wanamrekodi akila na kurusha video watu wacheke. Wanangu, huo si utani. Mtu amekuja kwako, amekula kwa kukuamini, nawe umemvunjia kitu anachokilinda mbele ya Mungu wake tangu utotoni. Aliyefanya hivyo aende akamwombe radhi, ana kwa ana, na hiyo video aifute.

Unapoalika watu, sema mapema ni nyama gani na nani kachinja. Kitimoto iwe na sufuria yake, kisu chake na ubao wake. Muulize Msabato kabla hujaenda mwaloni kununua samaki. Na likizuka neno kuhusu bucha la mtaani, lipelekeni kwa mwenyekiti wa mtaa, awaite sheikh na mchungaji wakae pamoja siku hiyohiyo, kabla halijafika kijiweni. Mkiniita na mimi, nitakuja.

Ni mimi mzee wenu,
Geita