Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tabora: pombe tumewaachia polisi na mimbari

Kwako Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

YAH: KUWAULIZA WAGONJWA KUHUSU POMBE KABLA HAWAJAFIKA WODINI

Salaam, na pole na majukumu.

Mimi ni mtoa dawa katika duka la dawa muhimu hapa Tabora mjini, upande wa Isevya. Nakuandikia hadharani kwa sababu hili si la duka langu peke yake. Muulize mtoa dawa wa Nzega, wa Urambo au wa Sikonge, atakusimulia yaleyale.

Jumatatu asubuhi, wateja wangu wa mwanzo ni watu waliokesha na pombe. Mmoja anataka magnesium za kutafuna, kiungulia kimemkaba tangu usiku. Mwingine anataka Panadol nne na anaomba maji azimeze zote palepale kaunta. Wa tatu anataka diclofenac, anasema mgongo. Ukiwauliza wanaumwa nini, utasikia malaria, uchovu, baridi ya usiku. Pombe haitajwi, na mimi nikiitaja naambiwa nimekuwa mlokole. Kwetu hapa pombe ina wasemaji wawili tu: polisi anapomwaga gongo, na shehe au mchungaji anapokemea dhambi. Mtu wa afya anakuja kusikika mgonjwa akishavimba tumbo na macho yamekuwa ya njano.

Nianze na hizo dawa, maana ndizo kazi yangu. Ini ndilo linalobeba karibu mzigo wote wa kuvunja pombe. Huigeuza kwanza kuwa asetaldehidi, ambayo yenyewe ni sumu, kisha kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Ini hilohilo ndilo linalovunja paracetamol, yaani hiyo Panadol. Kwa mtu anayekunywa kila siku na kula kwa kubahatisha, sehemu kubwa zaidi ya paracetamol hugeuka sumu, na kinga ya ini ya kuizima sumu hiyo imeshapungua. Diclofenac na aspirini nazo hushambulia utando wa tumbo ambao pombe imeshauchubua, na hapo mtu anaweza kutapika damu. Kwa hiyo mteja anayenificha habari ya pombe ananifanya nimpe dawa ya kumuumiza. Si kwamba ana nia mbaya. Ameona aibu.

Halafu kuna hesabu ambayo watu hawajafundishwa. Bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe halisi. Kichupa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 kina kama gramu 55, yaani karibu bia tatu ndani ya kitu kinachoingia mfuko wa shati. Mwili wa mtu mzima huondoa kama gramu 10 kwa saa, na haukimbizwi. Supu ya kongoro haiukimbizi, wala kahawa, wala kuoga maji ya baridi. Aliyeanza saa moja jioni akamaliza bia sita kufikia saa sita usiku, saa kumi na moja alfajiri anapowasha bodaboda kuwahi abiria wa basi bado ana pombe kwenye damu, hata kama anaapa kuwa imeshatoka. Mwanamke akinywa kiasi kilekile na mwanaume wa uzito wake, kwa kawaida damu yake hubeba pombe nyingi zaidi, kwa kuwa mwili wake una maji machache.

Serikali haijakaa kimya, nakubali. Viroba, vile vifuko vya plastiki vya pombe kali, vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, na gongo imekatazwa kisheria kwa miaka mingi. Ila msako wa gongo umetuachia imani moja ngumu kuing'oa, kwamba ubaya wote uko kwenye gongo. Bia ya kiwandani inaonekana safi kwa sababu ina lebo. Wanzuki, huo ndio usiseme! Hapa Tabora asali ni fahari yetu, na mzee akinywa wanzuki anakwambia anakunywa asali, anakunywa dawa. Kumbe chachu imeshaila sukari ya ile asali na kuacha pombe ileile iliyomo kwenye bia. Ini halichagui kabila la pombe. Gongo ina hatari za ziada, kweli. Hakuna anayejua nguvu yake, na ikichakachuliwa kwa methanoli, pombe ya viwandani yenye sumu, inaweza kumpofua mtu au kumuua. Lakini makovu ya ini, presha na saratani havisubiri gongo. Taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka pombe kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1988, na leo inahusishwa na saratani za aina saba zikiwamo za koo, ini, utumbo mpana na titi. Januari 2023 shirika hilo lilitamka kuwa hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Sijawahi kusikia habari hiyo ikitangazwa mnadani, na minada yetu ina vipaza sauti vya kutosha.

Jambo lililonisukuma hasa kushika kalamu ni lingine. Ni mtu anayeacha pombe ghafla.

Daktari, wewe unaujua msimu wa tumbaku. Malipo yakitoka kwenye vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima, baba ambaye mwaka mzima alikuwa mnywaji wa Jumapili anakunywa kutwa, wiki baada ya wiki. Asubuhi anaanza kwa kuzimua, na mikono ikitulia baada ya funda la kwanza wenzake wanamsifu kwamba amekomaa. Kisha hela inakata. Siku ya kwanza bila pombe anatetemeka, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio. Usiku wa pili mke wake anagonga mlango wangu kuulizia dawa ya usingizi, maana mume anachambua wadudu kwenye shuka isiyo na mdudu, anamjibu marehemu kaka yake, na mara moja ameanguka na kukakamaa kama mwenye kifafa.

Nyumbani hukumu imeshatoka: majini, au wivu wa watu juu ya hela za tumbaku. Gari linatafutwa la kumpeleka kwa mganga kijijini, na huko anaweza kukaa siku tatu akifukizwa, bila maji ya kutosha, bila vidonge.

Siwacheki. Anayeona wadudu wasiokuwepo anatisha, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ugonjwa huu una jina na una tiba. Pombe hutuliza ubongo, na ubongo wa anayekunywa kila siku hujizoesha kujichochea ili ubaki macho. Ni sawa na watu wawili wanaosukumana mlangoni, huyu ndani na yule nje: mmoja akiachia ghafla, mwenzake anaingia na mlango. Mtetemeko huweza kuanza saa sita tu baada ya funda la mwisho, degedege huja zaidi ndani ya siku mbili za mwanzo, na ile hali ya kuweweseka hutokea kwa kawaida siku ya pili hadi ya nne. Inaua. Lakini ikiwahiwa inatibika kwa dawa ambazo si ngeni, diazepam ya kutuliza ubongo chini ya uangalizi wa tabibu, vitamini B1 na maji. Hapo ndipo ninapowaonea huruma hata watumishi wa Mungu wanaosema "acha leo, acha sasa hivi". Kwa mnywaji wa wikiendi ushauri huo ni mzuri. Kwa anayezimua kila asubuhi, kuacha kunahitaji tabibu karibu.

Ninachoomba, Ndugu Mganga Mkuu, ni kwamba pombe iulizwe. Mtu akifika zahanati au kituo cha afya anapimwa presha na uzito, anaulizwa kikohozi cha muda mrefu. Aulizwe pia, bila kuitwa mlevi: unakunywa mara ngapi kwa wiki? Ukikaa kunywa, unamaliza kiasi gani? Asubuhi unahitaji kuzimua ndipo utulie? Hakuna kitendanishi kinachohitajika hapo, ni dakika moja ya mdomo. Majibu yake yanabadilisha matibabu. Kuna wagonjwa wa presha wanaoongezewa vidonge kila wakirudi kliniki ilhali pombe ndiyo inayoipandisha, na ingeshuka ndani ya wiki chache wakipunguza. Kuna wa kifua kikuu, ambao dawa zao za miezi sita tayari zinalielemea ini. Kuna wa ARV wanaoruka vidonge siku ya kunywa wakidhani vitagombana na pombe, na kuruka huko ndiko kunakowamaliza. Wajawazito nao wapo, wanaoambiwa na shangazi zao kuwa pombe ya kienyeji huongeza maziwa. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni.

Na kuna sababu ya kuuliza mapema. Ini lililojaa mafuta kwa pombe huweza kurudi katika hali yake mtu akiacha kwa wiki chache tu. Likishajaa makovu, mengi hayarudi, ingawa kuacha bado humwongezea mgonjwa miaka. Huyo mwenye ini la mafuta kwa kawaida hana maumivu yoyote, hawezi kuja kwako mwenyewe. Anakuja kwangu kununua magnesium.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe dalili za kuachishwa pombe, na sisi watoa dawa tuitwe kwenye mafunzo hayo, hata tukijilipia nauli. Na msimu wa malipo ya tumbaku, kwenye mikutano ya vyama vya msingi ambako watu wa benki na wa pembejeo hupewa nafasi ya kusema, tuma muuguzi mmoja apewe dakika kumi. Azungumzie ini na mtetemeko, basi. Mahubiri wameshayasikia.

Wakati hayo yanapangwa, nina swali ambalo jibu lake ningependa kulibandika dukani kwangu kwa herufi kubwa. Mke wa mtu akija kugonga saa tano usiku akasema mumewe hajanywa tangu juzi na sasa anatetemeka na kuona wadudu, nimwambie ampeleke kituo gani? Akifika hapo usiku huo, dawa zitakuwepo, na zamu atakuwepo mtu anayejua kuwa hayo si majini? Wa mjini ana hospitali ya Kitete. Wa Kaliua na wa Sikonge vijijini, je?

Wako katika kazi,

Mtoa dawa, Isevya, Tabora