Watoto wetu wacheze pamoja, kuanzia Jumamosi hii

Habari za jioni majirani. Poleni na majukumu.

Lile wazo la watoto kucheza pamoja tusiliache lipoe. Tunaanza Jumamosi hii, saa 3 hadi saa 5 asubuhi kabla jua halijawa kali, chini ya mwembe nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa. Mjumbe ameshatukubalia.

Ni kwa watoto wa mwaka 1 hadi 5, na kila mtoto aje na mtu wake: mama, baba, bibi, au dada anayemlea. Akina baba, tunawahitaji kwa dhati. Hapa si mahali pa kumwacha mtoto na kwenda sokoni, tunakaa nao mkekani.

Hatuchangi hela. Leteni makopo matupu, vifuu, vibakuli vya kuchotea mchanga na mipira ya makaratasi. Vifuniko vya soda viacheni nyumbani, wadogo watavimeza. Maji ya kunywa nitabeba mimi.

Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilishauri mtoto wa miaka 3 na 4 achangamshe mwili angalau dakika 180 kwa siku, na skrini isizidi saa 1. Wangu anashinda na katuni ndani ya geti, na inaniuma. Naamini siko peke yangu.

Mwenye homa au mafua apumzike kwanza. Na tafadhali, picha za watoto wa wenzetu tusiziweke status.

Anayekuja aandike umri wa mtoto hapa chini.