Aliyekuwa ndani ya lile zimwi: barua kwa mdogo wangu

Mdogo wangu,

Pole na baridi la Iringa. Mama ameniambia unavaa soksi mbili mbili na kwamba chupa ya chai ya tangawizi haikauki mezani kwako. Vizuri. Na maji unywe, hata kama huna kiu.

Nina deni lako. Usiku ule wodini, Juni mwaka jana, dripu inadondoka na wewe umejikunja unauma shuka, uliniambia niweke muvi yoyote mradi isiwe ya kulia. Nikaweka Alien, maana ndiyo pekee iliyokuwa kwenye laptopu. Tuliitazama sauti ikiwa chini kabisa tusije tukamwamsha mzee wa kitanda cha jirani. Lilipotokea lile lidude refu, jeusi, linalong'aa mate, lenye kichwa kirefu kama mkungu wa ndizi na lisilo na macho, niliona shuka limekutoka mdomoni. Ukaniuliza, "Dada, humo ndani kuna mtu?" Nikasema yupo. "Nani?" Sikujua. Ukapitiwa na usingizi kabla haijaisha, nami nikafunga laptopu. Jina lake linapita pale mwishoni, kwenye orodha ya waigizaji, na sote wawili hatukulisoma.

Sasa najua. Ninakujibu hadharani na si kwenye simu, kwa sababu wapo wengine wenye hali kama yako ambao dada zao hawakuwahi kuwaambia habari hii.

Anaitwa Bolaji Badejo. Ni Mnigeria, alizaliwa Lagos mwaka 1953. Baba yake, Victor Badejo, aliwahi kuwa mkuu wa shirika la utangazaji la Nigeria, kwa hiyo nyumba yao haikuwa ya shida. Lakini vita vya Biafra viliipasua nchi Bolaji akiwa kijana mdogo, akasomea Ethiopia, akaenda San Francisco kule Marekani, kisha akafika London. Na kote alikopita alikuwa anasomea sanaa. London alikuwa kwenye usanifu wa michoro, fani ile ile uliyoiacha wewe. Hilo lishike, nitalirudia.

Mwaka 1978 mwongozaji Ridley Scott alikuwa anahangaika. Alikuwa na hadithi nzuri ya watu saba ndani ya chombo cha mizigo cha anga za juu kinachorudi duniani, na alikuwa na michoro ya kutisha ya msanii wa Uswisi, H.R. Giger. Alichokosa ni mwili. Unakumbuka tulivyokuwa tukienda kibanda umiza kwa kina Mangi, zile sinema ambazo zimwi likigeuka unaona zipu mgongoni, na kibanda kizima kinalipuka kwa kicheko? Scott aliogopa kicheko hicho hicho. Mtu wa kawaida ukimvika vazi la mpira, jicho linamtambua papo hapo: lile ni bega, lile ni goti, huyo ni fulani kavaa gunia. Yeye alitaka kiumbe ambacho ukikitazama hujui mkono unaanzia wapi wala miguu ina viungo vingapi. Walimfikiria hata Peter Mayhew, yule jitu aliyekuwa ndani ya manyoya ya Chewbacca kwenye Star Wars. Hakufaa.

Ndipo Peter Archer, mtu wa kutafuta waigizaji, alipoingia baa moja ya London na kuona kijana amesimama katikati ya watu, kichwa chake kiko juu ya vichwa vyote. Zaidi ya mita 2, mwembamba, mikono mirefu ajabu. Hakuwa mwigizaji. Hakuwahi kusimama mbele ya kamera ya sinema maishani. Wakampeleka kwa Scott, na msako ukaishia hapo.

Nakuandikia habari ya vazi kwa sababu najua utaipenda kuliko yote. Walimpaka Bolaji plasta mwili mzima ili wapate umbo lake kamili, kisha juu ya umbo hilo Giger akaanza kujenga kwa mikono yake. Alitumia udongo wa kufinyangia, akachanganya na mifupa ya kweli, pingili za uti wa mgongo wa nyoka, na mabomba ya kupoozea injini ya gari la Rolls-Royce. Umewahi kusikia mchoraji anakwenda dukani kununua vitu kama hivyo? Ndiyo maana ukilitazama lile lidude hujui kama ni mnyama au mashine. Mbavu zake ni mbavu na ni mabomba. Baadaye yote yakatolewa kwa mpira laini, vipande vipande, Bolaji akawa anavaa kimoja baada ya kingine juu ya nguo nyeusi iliyombana. Kichwa cha mitambo, kile ambacho ndani ya mdomo kuna mdomo mwingine unaochomoka, alikitengeneza Mwitaliano Carlo Rambaldi.

Halafu wakamfundisha kutembea. Mtu wa miaka 25, wanamfundisha kutembea upya! Walimpeleka kwenye mafunzo ya taichi na ya maigizo bubu, ajifunze kwenda polepole, kila kiungo kwa zamu yake. Hapo ndipo ilipo siri ya woga wetu. Mazimwi mengi ya sinema hukurupuka. Hili linajinyoosha. Utakapolitazama tena, usitazame meno, tazama mikono: inafunguka taratibu kama mtu anayeamka usingizini kwenye kitanda kifupi. Hiyo ni kazi ya Bolaji.

Na sasa nakuja kwenye kile kilichonifanya niinuke kitini nikanywe maji.

Ndani ya lile vazi kulikuwa na joto kali. Kichwa hakuweza kukivaa kwa zaidi ya dakika 15 au 20 kwa mfululizo. Kuona alikuwa haoni, ila kupitia vitundu vidogo, na hivyo ni pale aliposimama tuli. Kukaa napo hakuweza, kwa ajili ya ule mkia, hata ikabidi wamtengenezee bembea maalumu ya kujiegemeza kati ya picha moja na nyingine. Picha hizo zilipigwa studio za Shepperton, nje kidogo ya London, na kazi yake ilikwenda kama miezi minne. Joto, jasho, kukosa maji, kusimama muda mrefu, kuchoka. Mdogo wangu, orodha hiyo unaijua kuliko mimi. Ndiyo ile ile nesi aliyokuandikia kwenye karatasi na mama akaibandika mlangoni kwa gundi ya ugali: epuka hivi, epuka hivi, epuka hivi.

Bolaji alikuwa na selimundu.

Huu si ugonjwa mtu anaouokota ukubwani. Unazaliwa nao. Kwa hiyo siku zile zote za Shepperton, ndani ya zimwi lililokuja kuwanyima watu usingizi dunia nzima, ilikuwa inazunguka damu kama yako, chembe zake zikijikunja kama mundu wa kukatia mpunga na kuziba njia. Usiku ule ulikuwa umejikunja kwa maumivu hayo hayo, unamtazama mwenzako usiyemjua. Niliposoma hayo nililia, nakwambia ukweli, halafu nikafurahi, halafu nikalia tena.

Kuna mambo mawili aliyowahi kuyasimulia juu ya kazi ile ambayo nimeyapenda. La kwanza ni ile picha ya Brett, fundi mwenye kofia anayemtafuta paka. Lidude lilitakiwa kuning'inia juu limejikunyata, kisha lijifungue polepole likishuka. Wakamfunga Bolaji mikanda, wakamvuta juu. Mkanda ukambana tumboni, pumzi zikamwishia, akashindwa. Kazi ile ikamaliziwa na Eddie Powell, mtu wa michezo ya hatari. Napenda kwamba alilisema wazi. Hili limenishinda, akafanya mwenzangu. Sinema haikuharibika, wala jina lake halikufutwa.

La pili ni la mwishoni, ile sehemu uliyoikosa. Ripley, yule mwanamke, amebaki peke yake kwenye chombo kidogo, anavua mavazi alale, anadhani yameisha. Kumbe ukutani, katikati ya mabomba, lile ambalo jicho lako limelipita kama bomba jingine ni kichwa. Mkono unachomoka. Bolaji alikuwa amejibana humo ndani kweli, mtu wa urefu ule, kwenye kijinafasi kisichotosha hata kabati la vyombo. Alipokuwa akijitoa vazi lilichanika, si mara moja, na mkia ukakatika. Wanashona, anarudi, wanapiga tena. Unachokiona ni sekunde chache tu.

Muvi ilitoka Marekani Mei 1979. Mwaka uliofuata ikapata Oscar ya madoido ya picha, na kina Giger na Rambaldi wakapanda jukwaani. Na kwa kuwa wewe ulikuwa unamsikitikia sana Parker, yule fundi mweusi aliyekuwa anadai bonasi yake, ni Yaphet Kotto. Miaka michache nyuma yake alikuwa ameigiza kama Idi Amin katika filamu ya Marekani kuhusu uvamizi wa Entebbe. Itafute, mzee alikuwa na uwezo.

Jambo jingine nililopenda, na hili ni la kibandani. Tulikua tukiamini kwamba steringi hafi. Ndiyo sheria. Sasa humu nahodha, yule uliyemshikilia tangu mwanzo kuwa ndiye steringi, anaingia kwenye mabomba ya hewa na tochi yake ya moto na harudi. Nilikuona ulivyogeuka kunitazama, kama vile mimi ndiye niliyedanganya. Steringi alikuwa mwanamke tangu mwanzo, Sigourney Weaver, ambaye wakati ule hata huko kwao hawakumjua sana.

Bolaji hakuigiza tena. Muvi moja tu, basi. Nimesoma wengi wanaoisimulia habari hii kwa masikitiko: ameokotwa baa, akatumiwa, akasahauliwa. Mimi sikubaliani nao kabisa. Huyu alikuwa mwanafunzi wa sanaa aliyepata kazi ya miezi minne iliyomkutanisha na msanii mkubwa, akaifanya kwa mwili wake wote, akalipwa, akarudi kwenye alichokuwa anakifanya. Alirudi nyumbani Nigeria, na mwaka 1983 akafungua nyumba ya maonyesho ya sanaa. Alipata watoto wawili. Kama kuna kitu kilichopotea hapo, si umaarufu.

Kilichopotea ni miaka. Alifariki Lagos, Desemba 1992, kwa selimundu. Alikuwa na miaka 39.

Hesabu hii nimeirudia mara nyingi. Kile kidonge unachokimeza kila jioni baada ya kula, haidroksiyurea, ambacho tangu ukianze umelazwa mara moja tu, kilikubaliwa Marekani kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998. Miaka 6 ilimpita. Siwezi kusema kingemwokoa. Ila najua alivyoishi bila hicho kidonge, kwa kuwa nilikuona wewe kabla hujakipata.

Hapa kwetu wanakadiria kwamba kila mwaka huzaliwa watoto kama 11,000 wenye hali hii. Na bado mama alikataza shangazi asiambiwe, akihofia watu watasema ukoo una mkosi na wewe hutapata mchumba. Mimi nilinyamaza naye miaka yote hiyo. Nisamehe kwa hilo. Barua hii nimeiandika bila kutaja jina lako kwa sababu kulitaja ni haki yako, lakini la kwangu la kusema nimeshalisema.

Sasa narudi kwenye lile nililokuambia ushike. Tangu Januari hujachora. Najua kilichotokea: ulikosa wiki tatu za masomo kwa ajili ya maumivu, ukarudi na karatasi ya hospitali, na mwalimu mmoja akakwambia mbele ya wenzako kwamba fani hii inataka watu wazima wa afya. Ukaviringisha karatasi zako, ukafunga kwa kamba ya kudu, ukaziweka juu ya kabati. Mama anasema hata vumbi hujazifuta.

Jumamosi nakuja. Napanda basi la asubuhi, nitakuwa hapo kabla ya magharibi. Nakuletea blanketi lile zito, korosho, na laptopu. Nakuletea pia penseli za 4B na 6B, kwa sababu kwenye ile sehemu ya chombo kidogo nataka tusimamishe picha pale pale mkono unapotoka kwenye mabomba, unionyeshe kwa kuchora bomba ni lipi na mtu ni yupi. Mimi nimejaribu mara tatu, sijaweza kuona mstari unapokatia.

Dada yako