Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mafunjo Yetu na Maji ya Mto Mara

Ndugu wanachama,

Habari za ada na matumizi mtazisikia kwa mweka hazina. Mimi naomba nafasi yangu niitumie kwa jambo lililotugawa mwaka mzima, yaani mafunjo, yale majani marefu ya kinamasi chetu.

Mto Mara unaanzia Mau, Kenya, unakatiza mashamba, malisho na Serengeti, kisha unatawanyika kwenye kinamasi chetu kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Udongo, samadi na mbolea vinavyooshwa huko juu vinaishia kwetu.

Vuli ilipoanza, kamati ilichota maji chupa mbili: moja mfereji wa mashamba ya mahindi unapomwagia, nyingine ng'ambo ya mafunjo. Tulizilaza mezani. Kulipokucha, ya kwanza ilikuwa na tope la vidole viwili. Ya pili uliweza kuona mistari ya kiganja upande wa pili wa chupa. (Bado tunayachemsha, tafadhali. Maji kung'aa si kuwa salama.)

Mabua ya mafunjo hupunguza kasi ya maji, udongo ukatuama pamoja na fosforasi ya mbolea iliyoushika. Naitrojeni ya mbolea zetu za urea hupunguzwa na bakteria kwenye tope lisilo na hewa. Huigeuza gesi ikapotelea angani.

Lakini kinamasi nacho huelemewa. Machi 2022 maji yaligeuka meusi, samaki wakafa. Kamati ya serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza. Wapo ambao hawajaridhika na jibu hilo, na ni haki yao. Hata hivyo, mifugo tunayoishusha majini ni yetu, na hilo liko mikononi mwetu.

Kilichoniuma zaidi ni moto wa kiangazi. Anayekata mafunjo ya mikeka akayabeba nyumbani anaondoa mbolea majini; anayechoma anaacha majivu yairudishe. Kukata kwa zamu tuendelee. Kuchoma, nawaomba sana, tuache.

Kuhusu bustani za kandokando ya mto: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto zihifadhiwe. Najua baadhi ya wanaolima humo hawana kipande kingine. Kamati inapendekeza wavune kwanza nyanya zilizopo, na wenye mashamba yaliyolala huku juu wawaazime msimu mmoja. Mimi natoa robo eka. Katibu ana daftari la kuandikisha wengine.