Adhana na aya za Qur'ani zisikatwekatwe kufuata midundo

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mtindo unaosikika katika baadhi ya matatu na kumbi za starehe hapa Nakuru, wa madijei na maprodyuza kuchukua sauti ya msomaji wa Qur'ani au ya mwadhini, kuikata vipande na kuipachika juu ya midundo ya kielektroniki ili wimbo upate ladha ya kigeni.

Sisi Waislamu wa Bondeni si maadui wa muziki. Tumelelewa na kasida, dufu za maulidi na taarabu. Nyimbo za Bongo Fleva zimejaa "Inshallah" na "Wallahi" na hatujalalamika, kwa kuwa hivyo ndivyo watu wanavyozungumza. Kinachotukera ni kisomo chenyewe kugeuzwa mlio.

Kisomo kina kanuni zake, na mojawapo ni mahali pa kusimama. Mtoto wa madrasa hufundishwa mapema kwamba katika Surat al-Maun hapaswi kukomea aya ya 4, "Ole wao wanaosali", bila kuendelea na ya 5 inayobainisha kuwa hao ni wale wanaopuuza sala zao. Prodyuza hukata sauti kwa hesabu ya midundo, si kwa maana. Akichukua kutoka katika adhana maneno "la ilaha" peke yake, akayarudiarudia bila "illa Llah", spika za matatu zitakuwa zikitangaza kutoka mjini hadi Njoro kwamba hapana mungu, kinyume kabisa cha ujumbe wa mwadhini. Tena Qur'ani, katika Surat al-Aaraf aya ya 204, inatuamuru tuisikilize na tunyamaze inaposomwa. Abiria Mwislamu afanyeje makanga anapopiga mluzi juu yake? Sitaji hata mfungaji anayesikia adhana ndani ya gari jioni ya Ramadhani na kuanza kutafuta tende yake.

Jambo hili si geni duniani. Wanamuziki Brian Eno na David Byrne walitia sauti za Waislamu wa Algeria wakisoma Qur'ani katika albamu yao ya 1981, na malalamiko yalipotoka kwa Waislamu wa Uingereza wimbo huo ukaondolewa katika matoleo ya baadaye. Mwaka 2020 Rihanna aliomba radhi kwa kutumia, katika onyesho la mavazi, wimbo uliokuwa na maneno ya hadithi ya Mtume. Mtunzi wa wimbo huo, Coucou Chloe, alieleza kwamba sauti hizo alizipata katika nyimbo nyingine mtandaoni na hakujua kuwa ni hadithi. Ninamwamini, na hapo ndipo penye kiini cha tatizo: sauti hupita mikono mingi hadi anayeitumia hajui tena ni ya nani wala inasema nini.

Simweki katika kundi hilo mwanamuziki marehemu Toumani Diabaté wa Mali. Mwaka 2008 kampuni ya Sony iliahirisha kutoa mchezo wa video kwa sababu wimbo wake uliokuwamo ulikuwa na maneno ya Qur'ani. Diabaté alikuwa Mwislamu, alijua maneno hayo, na kwao kumtukuza Mungu kwa ala za muziki ni desturi ya zamani. Masheikh wanaweza kumkosoa, lakini huo ni mjadala wa watu wanaoelewa kinachosemwa.

Wala siungi mkono njia ya Tunisia, ambako mwaka 2017 dijei Mwingereza, Dax J, alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja bila kuwapo mahakamani kwa kupiga adhana iliyochanganywa na midundo klabuni, ingawa alikuwa ameomba radhi. Hapa Kenya, kifungu cha 138 cha sheria ya makosa ya jinai humlenga mwenye nia ya makusudi ya kuumiza hisia za kidini, na vijana wetu wengi wa studio hawana nia hiyo. Wamekulia makanisani na Kiarabu hawakijui. Wasomaji Wakristo watanielewa wakikumbuka jinsi wazee wa kanisa wanavyokunja uso tenzi zao zinapotiwa maneno ya matusi katika mugithi, muziki wa gitaa wa Wakikuyu, usiku wa Jumamosi, katika mji huu huu.

Ombi langu ni dogo. Prodyuza mwenye sauti ya Kiarabu asiyoijua aipeleke kwa mwalimu wa madrasa iliyo karibu naye kabla wimbo haujatoka. Ataelezwa ni nini, bila malipo na bila kufokewa. Ikiwa ni aya au adhana, aiache, amtafute mwimbaji wa kasida waingie studio pamoja. Vijana wenye sauti nzuri wako wengi hapa Bondeni, na kazi wanaitaka.

Mwalimu wa madrasa,
Bondeni, Nakuru