Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Ufundi, Kaunti ya Lamu

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaykum. Naomba falsafa ya teknolojia, yaani kuuliza zana zinabadili nini katika maisha yetu, ifundishwe katika vyuo vya ufundi vya kaunti yetu, pamoja na useremala na ufundi wa injini.

Mwanafalsafa Mjerumani Ernst Kapp aliandika kitabu kuhusu falsafa hii mwaka 1877, akiona kwamba zana huendeleza viungo vya mwili wa binadamu. Katika miaka ya 1950 wanafikra Martin Heidegger wa Ujerumani na Jacques Ellul wa Ufaransa walitoa maonyo mazito kuhusu teknolojia kwa jumla, maonyo ambayo, kwa maoni yangu, hayamwambii fundi afanye nini kesho asubuhi. Waliofuata wameshughulikia zaidi zana moja moja. Mwaka 1980 mtaalamu wa siasa wa Marekani, Langdon Winner, alieleza habari za mashine ya kuvunia nyanya huko California, kubwa na ghali kiasi kwamba wakulima wa zao hilo walipungua kutoka takriban 4,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi wapatao 600 mwaka 1973, ingawa hapakuwa na njama ya kuwaondoa.

Swali la nani hunufaika na nani huumia zana mpya inapokuja linatuhusu sana. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari mpya, na mwaka uliofuata leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa Lamu ikafutwa na baraza la kitaifa la rufaa za mazingira, wananchi wakiwa hawakushirikishwa ipasavyo. Mara zote mbili tulisubiri waamuzi wa sheria watuulizie yale ambayo wahandisi wangepaswa kuyauliza walipokuwa bado wanachora.

Vijana wetu wanaweza kuanzia Matondoni, kijiji cha waunda majahazi. Wamtazame fundi akiutandika mkuku, yaani uti wa chombo, akizipima mbao kwa jicho, akizikalafati kwa pamba yenye mafuta, kisha waulize injini imebadili nini. Tezi, sehemu ya nyuma ya chombo, hukatwa bapa ili injini ikae. Na nahodha ambaye zamani alingoja upepo wa bure, leo mara nyingi hutoka pwani akiwa na deni la petroli, na anayemdai ndiye anayepanga bei ya samaki wake. Injini imeokoa maisha baharini, na hilo pia lisemwe darasani.

Naomba saa moja kwa wiki, ifundishwe na mwalimu na fundi mzoefu wakiwa pamoja, na fundi huyo alipwe kama mwalimu.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa ufundi, Lamu