Baba anasubiri simu ya Ijumaa

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kuhusu baba yangu. Ni mwalimu mstaafu, ndiye aliyetufundisha kuhesabu sisi wanawe wote, na mwezi uliopita alitapeliwa karibu nusu ya akiba yake kwa simu moja.

Simu iliita jioni, na kwenye kioo likatokea jina la benki yake. Mpigaji alikuwa mpole. Alimwita kwa majina yake kamili, kisha akamsomea tarakimu 6 za mwanzo za kadi. Baba akaitoa kadi kwenye pochi, akavaa miwani, akalinganisha. Zikawa zile zile. Tangu hapo hakuwa na shaka tena. Tulipofika tawini, mhudumu akatueleza kuwa tarakimu hizo zinaitambulisha benki iliyotoa kadi, na wateja wengi mno wanazo hizo hizo. Lile jina la benki nalo hughushiwa. Hata ujumbe wa matapeli uliingia palepale chini ya ujumbe halali wa benki, ukakaa humo kama ndugu yao.

Aliambiwa kuna mtu anajaribu kuhamisha pesa zake, na kwamba angetumiwa namba za kuzuia. Shangazi, mimi nilikuwa chumba cha pili. Nilimsikia akizisoma taratibu, tarakimu moja moja, kama alivyokuwa akiwasomea wanafunzi imla. Namba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikajua anaongea na benki, nikaendelea na shughuli zangu. Baadaye nilipoishika simu yake nikaona kila ujumbe una namba ya kuthibitisha muamala, na chini yake onyo: usimpe mtu yeyote, hata mfanyakazi wa benki. Baba hakufika kwenye mstari huo. Yule mtu alikuwa akimhimiza, "Fanya haraka mzee, zinaondoka," naye akawa anasoma tarakimu na kuishia hapo. Kila namba aliyomtajia ndiyo iliyofungua mlango.

Kadi tuliifungia, nywila tukabadilisha, taarifa ipo benki na polisi. Kuhusu kurudishiwa pesa, tumeambiwa tusubiri.

Lakini si hilo lililonifanya nikuandikie. Wiki iliyopita baba amepigiwa simu na mtu mwingine, anajiita wakili wa kusaidia waliotapeliwa. Anakijua kiasi kilichoibwa mpaka senti ya mwisho, na tarehe anaijua. Anasema pesa zimepatikana, zimezuiliwa mahali, ila baba alipe kwanza ada ya kuzikomboa, na aweke kwenye simu programu itakayomwezesha "wakili" kuona kioo chake na kumsaidia kujaza fomu. Mimi naona wazi kuwa ni wale wale, au ni watu waliouziwa orodha ya majina. Nani mwingine angejua kiasi? Na akishaona kioo cha simu, si ataziona na namba za kuthibitisha zikiingia?

Nilimwambia baba hivyo. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Mwanangu, asingekuwa wa kweli angejuaje yote hayo?" Hapo ndipo ninapokwama. Mara ya kwanza aliaminishwa na tarakimu 6, safari hii anaaminishwa na hesabu ya hasara yake mwenyewe. Kwake yeye, anayezijua habari zako ana haki nazo. Tena nadhani anataka pesa zirudi kabla mama hajajua, maana mpaka leo hajamwambia. Aibu hiyo inamla kuliko hasara yenyewe. Halali vizuri, na simu ikiita anashtuka, kisha anaikimbilia.

Kaka zangu wameamua tuichukue kadi yake na namba ya siri, tuwe tunamtolea pesa sisi. Nimekataa, na sasa wananiona namtetea kwenye kosa. Naogopa tutamfundisha kwamba namba ya siri anaweza kupewa mtu mwingine mradi anaonekana kumtakia mema, na matapeli wote huja kwa sura hiyo. Halafu ni baba yetu. Akili zake ni timamu. Kumnyang'anya kadi mbele ya mama ni kumvua nguo.

Niliwaza tuiombe benki imshushie kiwango cha pesa zinazoweza kutoka kwa siku, na kila muamala uniletee taarifa nami. Niliwaza pia tupatane na baba kwamba akipigiwa na yeyote kuhusu pesa akate simu, kisha apige mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi, akiibonyeza kwa kidole chake. Lakini kumtajia baba masharti, mimi mtoto wake, mdomo unakuwa mzito.

Je, Shangazi, nimwambie mama ili tuwe wawili, au nitakuwa nimemsaliti baba? Na nianzeje mazungumzo haya bila kumfanya ajione mjinga? Hakuwa mjinga, aliwindwa na watu wanaoijua kazi yao.

Yule "wakili" ameahidi kupiga tena Ijumaa jioni. Baba ameshaiandika kwenye kalenda.

Wako,
Binti yake